Mgonjwa wa Moto na Kapu la Wageni

Assalamu alaykum. Mama zangu wa Wete, nitaanza na kapu. Mtu akiungua, tunakwenda kumtazama na nini? Machungwa mawili, soda, na supu iliyochujwa mpaka imekuwa maji. Kisha tunasimama kitandani tunanong'ona: asile mayai, asile pweza, kidonda kitatunga usaha.

Miko hiyo ndiyo iliyonileta hapa leo.

Ngozi ndiyo paa na kuta za mwili. Ikiungua sehemu kubwa, maji na joto vinamtoka mtu, na mwili unachochea moto wa ndani ili kufidia. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Majeraha yakifika asilimia 40, mwili unaweza kutumia nguvu karibu mara mbili ya kawaida, naye amelala tu. Asipolishwa, mwili unajila wenyewe: mapaja yanasinyaa, anahema kwa tabu, kidonda hakifungi. Na hali hiyo huweza kuendelea mwaka mzima, hata zaidi.

Kwa hiyo mkiona ametiwa mpira puani tangu siku ya kwanza, msiangue kilio. Kile ni chakula. Huanzishwa mapema, ndani ya saa 24, ili utumbo usizubae.

Sasa hesabu. Mtu mzima wa kilo 60, asiyeumwa, hutosheka na gramu 50 hivi za protini kwa siku. Aliyeungua vibaya huhitaji 90 hadi 120. Yai moja lina gramu 6. (Kicheko.) Naam, hatumlishi mayai 20! Lakini dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Watwange, uwatie kwenye uji wa mtama wenye tui. Na bokoboko, ambalo sisi tumelifanya la sikukuu na harusi: ngano, nyama, samli, tena laini, linashuka hata kwa mwenye midomo inayouma. Maziwa yachukue nafasi ya soda. Mapera na maembe kwa vitamini C. Kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili.

Mwenye figo au kisukari, muulizeni daktari kwanza.

Bibi yangu pale mbele bado anatikisa kichwa. Pweza? Ndiyo bibi, pweza. Mchemshe alainike, mkatekate vipande vidogo, umpelekee mjukuu jioni hii.