London Ukiitazama Toka Juu: Vilima, Minara na Madaraja ya Kwenda Kabla ya Kitu Chochote

Haya wadau mambo vipi, wa nyumbani na nyie wenzangu wa huku, karibuni tena. Leo naongelea kitu ambacho kwenye komenti mnaniuliza sana, hasa nyie mnaojiandaa kuja kusoma au kutembelea ndugu, kwamba mtu akifika London siku za mwanzo aanzie wapi. Jibu langu ni moja, anzia juu. Yaani kabla hujaanza kukimbizana na treni za chini ya ardhi, zinakumeza huku zinakutema kule hujui hata mashariki iko wapi, tafuta sehemu iliyoinuka usimame uangalie jiji limekaaje, mto unapita wapi, maghorofa marefu yako upande gani. Ukishalipata hilo kichwani hata ukishuka mtaani unatembea na akili yako.

Hapa nilipo panaitwa Parliament Hill, kilima kiko ndani ya Hampstead Heath, kaskazini mwa jiji. Kina mita 98 tu kutoka usawa wa bahari, sio mlima wa kumtoa mtu jasho, na ni bure, hamna geti hamna tiketi, watu wanakuja na watoto kurusha tiara, wengine na mbwa wao. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona? Kule kushoto kabisa lile kundi la maghorofa ni Canary Wharf, kwenye mabenki. Ukisogea kulia kidogo pale yaliporundikana ndo City, London ya zamani kabisa ilipoanzia. Halafu ule mnara uliochongoka kama mkuki ni Shard, mita 310, mrefu kuliko jengo lolote hapa Uingereza. Sasa tulieni, nataka kuvuta picha taratibu, angalieni miguuni pa huo Shard, mbele yake. Mnakiona kile kidude cha mviringo, rangi ya kijivu? Hilo ni kuba la kanisa la St Paul's. Na hicho ndo nilichotaka mkione leo, manake hilo kuba ndo linaloamua jiji hili lijengwe vipi.

Iko hivi. St Paul's hii ya sasa ilichorwa na Christopher Wren baada ya ule moto mkubwa wa mwaka 1666, na kuanzia 1710 hadi miaka ya 1960 ndo lilikuwa jengo refu kuliko yote London, mita 111. Mwaka 1933 likajengwa jengo la mitambo ya simu karibu na mto, likaziba kanisa kwa watu waliokuwa wanalitazama kutokea upande wa pili wa maji. Watu wakaja juu. Msimamizi wa majengo wa kanisa akakaa chini akapiga mahesabu ya mistari, kwamba mtu akisimama hapa, kuba lionekane, hivyo jengo la pale katikati lisizidi urefu fulani, na miaka ileile ya 1930 halmashauri ya City ikaanza kuyafuata. Leo kuna mwongozo wa jiji zima, una mistari 13 ya macho inayolindwa, na hapa nilipo ni mojawapo. Tajiri anaweza kuwa na kiwanja na hela zote lakini akataka kwenda juu akakuta kuna mstari unapita angani, na hapo lazima achore upya. Mimi hili jambo linanigusa sana jamani, kwamba macho ya mtu wa kawaida aliyekaa kwenye nyasi na chupa yake ya maji yamewekewa ulinzi kwenye mipango ya jiji.

Mfano wa wazi mtauona mkifika City. Kuna jengo la Leadenhall, wenyewe wanaliita Cheesegrater, mita 225, upande mmoja limenyooka upande mwingine limelala kama limeegemea kitu. Mtu anadhani ni mbwembwe za wasanifu, kumbe limelazwa ili ukiwa unatembea Fleet Street kuelekea St Paul's lisitokeze nyuma ya kuba. Nikishawaambia hivi hamtaliangalia tena vilevile.

Lakini kama una siku moja tu ya kutoka nje ya katikati ya jiji, mimi nakupeleka Richmond Park, kusini magharibi, hifadhi kubwa ambayo kulungu wakubwa wenye mapembe wanatembea humo kwa uhuru wao, usiwasogelee. Kuna kichuguu kinaitwa King Henry's Mound. Ukipanda pale unakuta darubini imeelekezwa kwenye ua wa miti, unaanza kujiuliza mbona wameielekeza kwenye majani. Sasa inama uangalie. Kwenye ule ua wamekata uwazi mdogo, baada ya hapo kuna njia nyembamba katikati ya miti, na kule mwisho kabisa, kilomita 16 na ushee, kuba la St Paul's limekaa katikati kama unachungulia kwenye tundu la kitasa. Ule uwazi unapunguzwa matawi ili usizibe. Nimewahi kumpeleka pale mama mmoja wa kanisani kwetu, aliinama kwenye ile darubini akagoma kuinuka, foleni nyuma yake ikawa inasubiri, na hakuna aliyelalamika. Mwaka 2016 palitokea kelele kubwa kwa sababu mnara mmoja uliojengwa Stratford, upande wa pili kabisa wa jiji, ulianza kuonekana nyuma ya kuba. Haukuziba chochote, ila ile mbingu tupu nyuma ya kanisa ikawa imeharibika, na mimi nakubaliana na waliolalamika, ukiangalia kwa darubini unaona kabisa kuna kitu kimeingilia.

Greenwich sasa. Hii kila mgeni nampeleka. Unapanda bustani mpaka kwenye kituo cha kuangalia nyota kilichoanzishwa mwaka 1675, pale ndo inapopita longitudo sifuri, mataifa yalikubaliana mwaka 1884. Watu wanapanga foleni kupiga picha mguu mmoja mashariki mmoja magharibi, sawa, piga na wewe, halafu njoo hapa kwenye sanamu ya jenerali Wolfe uangalie chini. Kwanza kuna nyumba nyeupe, Queen's House. Nyuma yake majengo makubwa ya iliyokuwa hospitali ya mabaharia, na angalieni yalivyogawanyika mawili, huku na huku, katikati wazi mpaka mtoni. Wren alitaka jengo kubwa moja la kujivunia, ila Malkia Mary wa Pili akasema nyumba ile isizibiwe mto, kwa hiyo ikabidi wapasue katikati. Miaka ya 1690 hiyo! Kumbe kulinda macho hakujaanza juzi. Na nyuma ya yote hayo sasa yanasimama maghorofa ya Canary Wharf, ya zamani na ya jana kwenye picha moja. Mkiweza mfike kabla ya saa saba mchana, manake juu ya kituo kuna mpira mwekundu kwenye mlingoti, saba kamili unadondoka, umekuwa ukifanya hivyo tangu 1833 ili manahodha waliokuwa mtoni warekebishe saa zao.

Haya, minara ya kisasa. Najua wengi mkishuka tu mnataka Shard na lile gurudumu, London Eye. Sio mbaya. Gurudumu lina mita 135, mzunguko mmoja ni kama nusu saa, na vile vibanda viko 32 ingawa namba zinafika 33, wameruka 13. Ila zote mbili ni za kulipia na kwa familia ya watu wanne hela inakwenda, wakati kuna sehemu za juu kabisa ambazo hazitoi hata senti. Horizon 22, ghorofa ya 58 pale Bishopsgate, mita 254, ilifunguliwa 2023, bure. Sky Garden, lile jengo lililotanuka juu, nayo bure, ina bustani ndani na sehemu ya kutoka nje upigwe na upepo. Kwa nini bure? Kwa sababu wakati wanaomba kibali cha kujenga waliahidi kwamba wananchi watapata pa kuja juu. Kwa hiyo usione aibu, usijione umeingia kwenye majumba ya wakubwa, ile nafasi ni yako. Sharti ni kukata tiketi mtandaoni mapema, tiketi za wikiendi huwa zinaisha haraka sana, na ubebe begi dogo kwa sababu mlangoni wanakagua. Ukikosa kabisa nenda Garden at 120, Fenchurch Street, ghorofa ya 15 tu lakini uko katikati ya maghorofa yenyewe yamekuzunguka.

Ngoja niwaambie ukweli wangu lakini. Ukiwa mita 250 juu jiji linakuwa bapa, magari yanakuwa vidoti, unapiga picha na vioo vinaakisi uso wako. Mimi moyo wangu uko kwenye Monument. Ni nguzo ya mawe, mita 62, ilimalizika 1677 kukumbuka ule moto, na urefu wake ni sawasawa na umbali kutoka pale ulipo mpaka Pudding Lane, kwenye tanuri la mkate moto ulipoanzia. Hamna lifti. Ngazi 311 za kuzunguka, nyembamba, unayepanda na anayeshuka mnapishana kwa kujibana ukutani, mnasalimiana, mnapeana moyo, mkono umeshika chuma baridi. Ukitoka juu upepo unakupiga usoni, umezingirwa na maghorofa lakini mitaa unaiona, unasikia kengele, unasikia watu. Ukishuka wanakupa cheti kwamba umepanda. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kule kwingine. Wenye matatizo ya magoti au presha msipande hii, tafadhali sana.

Kwa wazazi wetu wasioweza kupanda, nendeni daraja la Waterloo, hamna ngazi wala lifti, mto unapinda palepale kwa hiyo ukisimama katikati unapata pande zote, huku St Paul's na City, huku Bunge na London Eye. Na daraja lile lilijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya vibarua walikuwa wanawake kwa sababu wanaume walikuwa vitani, ndo mana wengine wanaliita daraja la akina mama. Inasikitisha kwamba kwa miaka mingi hawakutajwa.

Kuhusu muda, hapa msiende kwa mazoea. Mwezi wa sita jua linazama saa tatu na kitu usiku, mwezi wa kumi na mbili kabla ya saa kumi jioni limeshazama, kwa hiyo mtu anayekuja Krismasi akipanga kwenda kilimani saa kumi na moja atakuta giza. Mvua ikinyesha halafu ikakatika, toka hapohapo ulipo nenda juu, hewa inakuwa imeoshwa unaona mbali ajabu. Ukungu ukiwa mzito asubuhi, minara yote haina maana, nenda jioni. Na yale makebo ya kupita angani juu ya mto kule Greenwich Peninsula, mita 90 juu ya maji, angalia kwanza mtandaoni kama yanafanya kazi, upepo ukiwa mkali wanayasimamisha.

Kwa anayefika wiki hii na hana muda kabisa, panga hivi: asubuhi Greenwich, saba ile ya mpira ikukute pale, kisha rudi mjini kwa boti ya mtoni badala ya treni ili ule mpangilio uliouona toka juu uupite kwa chini, panda Monument kama magoti yanaruhusu, malizia Waterloo taa zikiwaka. Wenye maswali ya tiketi za bure wekeni kwenye komenti, najibu mmoja mmoja, na aliye na watoto wadogo aniambie umri wao ili nimwelekeze kilima chenye njia ya kusukumia kigari.