Jinsi ya Kuchambua Episodi Moja ya Katuni ya Familia

Karibuni tena, wajomba na mashangazi. Leo niko Mikindani, barazani, na kazi yetu ni kuchambua episodi ya katuni ya familia mpaka mtu aliyeiona mara kumi aseme, kumbe hili sikuliona. Tutatumia episodi ya kwanza ya The Simpsons, ile ya Krismasi, iliyorushwa Marekani tarehe 17 Desemba 1989. Ni fupi, haifiki nusu saa, hata bando dogo linatosha.

Hatua ya kwanza: itazame bila kuandika chochote. Cheka panapochekesha. Ukipata mwenzako mtazame wote, halafu msikilize. Mimi nilitazama na mama mdogo, mkulima wa korosho. Alicheka vizuri tu, ila kuna mahali alinyamaza ghafla. Nikapaweka akilini.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Rudia tangu mwanzo, daftari mkononi, ukifuata kitu kimoja tu. Mimi hapa nafuata pesa. Marge, mama wa familia, anaweka akiba ya sikukuu kwenye mtungi, na mtungi wenyewe anauficha ndani ya nywele zake. Andika hilo. Bart, mwanawe wa kiume, anakwenda kuchorwa tatuu ya neno la Kiingereza la mama, "mother", mama mwenyewe anamfumania kazi haijaisha, na herufi zilizokwisha kuingia mkononi zinasomeka "moth", yaani nondo, yule mdudu wa usiku. Akiba yote inakwenda kuifuta kwa leza. Huku Homer, baba wa familia, ameshaambiwa kazini kwamba mwaka huu hakuna bonasi, na hajamwambia mkewe.

Sasa simamisha pale Homer anapopokea malipo yake ya kuvaa ndevu za Baba Krismasi dukani. Rudisha nyuma kidogo, tazama tena. Wamemkata hiki, wamemkata kile, mpaka mavazi na ndevu vimo kwenye makato. Mkononi zimebaki dola 13. Hapo ndipo mama mdogo aliponyamaza. Akasema taratibu, "Masikini, makato." Mtu aliyengoja malipo ya korosho baada ya mnada haelezwi tukio lile. Kwenye uchambuzi wako lipe nafasi kubwa kuliko mengine yote.

Hatua ya tatu: andika sentensi moja yenye hoja. Ukiandika "episodi nzuri, inachekesha sana", futa. Mimi niliandika hivi: kila senti inayopotea katika nyumba hii inapotea kwa sababu mtu alitaka kumfurahisha mwenzake. Kisha nikaijaribu. Tatuu je? Bart aliamini mama yake ataipenda. Ndevu? Zawadi za watoto. Hoja imesimama.

Lakini tafuta pia tukio lisiloingia kwenye hoja yako. Hapa ni Lisa, binti yao. Mama yake mkubwa, dada wa Marge, anamsema vibaya Homer mbele yake, na mtoto yule anamjibu kwa utulivu na adabu, maneno ya mtu mzima, kwamba unayemsema ni baba yangu. Hakuna pesa pale. Usilifiche kwa kuwa linakusumbua. Mimi naliona ndilo tukio bora la episodi nzima, na nalisema wazi.

Kasoro nazo zitaje. Michoro bado migumu, na sauti ya Homer ni nzito kuliko tuliyoizoea miaka ya baadaye.

Kurekodi hakuna mambo mengi. Barazani upepo wa bahari unaingia kwenye simu, kwa hiyo ingia chumbani, funga dirisha, jifunike blanketi na simu yako, soma kama unamsimulia mtu aliyekaa karibu. Anza na tukio, sio majina ya waigizaji.

La mwisho: Homer anaishia kwenye mbio za mbwa, anaweka zile pesa kwa mbwa ambaye hakuna anayemtarajia kushinda. Uchambuzi wako uishie hapo, anapoweka dau. Mbio zenyewe mwachie mtazamaji azione.

Haya, daftari mkononi. Nabonyeza: theluji inaanguka, Homer na Marge wamechelewa sherehe ya shule.