Kilo, Injini na Amana: Jinsi ya Kuwasikiliza Mashabiki wa Magari ya Michezo

Asante, ndugu mwenyekiti. Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie maoni ya wapenzi wa magari pale kiwanda kidogo kinapozindua gari jipya la michezo. Karibu muda wote nitabaki Uingereza, maana huko ndiko viwanda vya aina hii vilikojaa: Lotus kule Hethel, Morgan kule Malvern, Caterham, Ariel, na TVR, ambayo nitaifikia baadaye na najua itanilia dakika nyingi kuliko nilizoipangia.

Tunasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huu haujawafikia mashabiki wa Lotus. Kwao kipya ndicho kidonda chenyewe. Pazia likishavutwa tu, kabla mtu yeyote wa nje ya kiwanda hajalishika gari usukani, hukumu inakuwa imeshatoka: zito mno, ghali mno, injini ya kuazima, sura imeigwa. Miaka 10 ikipita, watu walewale wanalitafuta gari lilelile kwa udi na uvumba.

Wako wanaosema kwa hiyo tuwapuuze. Mimi sikubali. Nadhani kelele zao zina punje na zina pumba, na kazi yetu leo ni kupepeta. Kuhusu injini hukosea mara nyingi. Kuhusu uzito hawakosei sana. Kuna jambo la tatu ambalo hawaliulizi kabisa siku ya uzinduzi, na ndilo limewagharimu fedha.

Tuanze na injini. Kiwanda kinachouza magari elfu moja au mbili kwa mwaka hakiwezi kubuni injini yake, kuipitisha kwenye vipimo vya moshi, kisha kuirekebisha tena kila sheria inapobadilika. Kinanunua. Hilo halijawahi kuwa siri, na bado kila uzinduzi mtu analia kwamba moyo wa gari ni wa kuazima.

Mwaka 1989 Lotus walileta Elan mpya yenye injini ya Isuzu na, hapa ndipo mashabiki walipoziba masikio, inayovutwa kwa magurudumu ya mbele. Walioijaribu walikiri kwamba inakata kona vizuri ajabu. Haikusaidia. Shabiki wa Lotus alikuwa na hakika kwamba gari la michezo husukumwa kwa nyuma, na mwaka huohuo Mazda wakaleta MX-5, iliyosukumwa kwa nyuma na kuuzwa kwa bei ndogo zaidi. Elan ikasimamishwa 1992, ikarudi muda mfupi kwa magari 800, kisha Kia wa Korea Kusini wakachukua haki na mitambo, wakaiunda kwao. Mashabiki mpaka leo huitaja kama ushahidi kwamba walisema. Mimi naona bei ndiyo iliyoiua, magurudumu yakabebeshwa lawama.

Halafu Lotus wakaleta Elise, maonyesho ya Frankfurt, 1995. Hapa naomba tukae kidogo.

Ukifungua mlango wa Elise ya kwanza unakutana na kizingiti kirefu na kipana, alumini tupu, hakuna zulia la kukificha. Huwezi kuingia kwa heshima. Unakaa juu ya kizingiti, unashuka na makalio, kisha unavuta miguu mmoja mmoja kuupita usukani. Vioo unapandisha kwa mkono. Sasa, kile kizingiti kinachokusumbua ndicho gari lenyewe. Ni mhimili wa alumini uliosukumwa moto kupitia tundu lenye umbo lake, ukatoka na kuta nyembamba na nafasi ndani. Mihimili ya namna hiyo haikuchomelewa. Iliunganishwa kwa gundi ya epoksi, ikatiwa kwenye tanuri gundi ikaze, na vifungo vichache vikaongezwa ili viungo visibanduke. Sababu ni kwamba moto wa kuchomelea hudhoofisha alumini pale pale kwenye kiungo, hivyo ungelazimika kutumia ukuta mnene zaidi. Gundi iliruhusu ukuta mwembamba. Chasisi nzima ikawa kilo 68, na gari zima zaidi kidogo ya kilo 700.

Injini ilikuwa ya Rover, lita 1.8, nguvu za farasi 118. Fundi yeyote aliyefanya kazi na injini zile za Rover, zilizoitwa K, anakumbuka gasketi ya silinda hedi, iliyokuwa ikiungua mara kwa mara. Naona huko nyuma kuna anayecheka, bila shaka aliwahi kulipia moja. Lotus walipoanza kutumia injini ya Toyota mwaka 2004, malalamiko yakawa yaleyale: haina roho, ni ya gari la kwendea sokoni. Aprili 2005 MG Rover ikafilisika. Fikirieni hali ya Lotus kama wangewasikiliza wale waliotaka kubaki na Rover. Leo mnunuzi wa Elise iliyotumika huuliza kwanza kama ni ya Toyota, na anaongeza fedha kwa furaha.

Kama mnataka kuona upande wa pili, TVR chini ya mmiliki wake Peter Wheeler walifanya kile ambacho mashabiki huota: walitengeneza injini zao wenyewe, ikiwemo Speed Six ya silinda sita kwa mstari mmoja. Sauti yake haina mfano. Wenye magari walijifunza pia majina ya vipande vya ndani ya injini ambavyo mwenye gari la kawaida hafi akivijua, kwa sababu vililika na injini ikabidi ifunguliwe. Roho ilikuwepo, na bili ilikuwepo.

Kwa Morgan sina mengi. Mwaka 2019 walileta Plus Six yenye chasisi mpya ya alumini na injini ya BMW, na mwaka uliofuata wakaachana na chasisi ya chuma ambayo asili yake ni 1936. Swali kubwa la mashabiki lilikuwa kama mbao za mti wa ash bado zimo ndani ya bodi. Zimo. Wakatulia. Natamani wateja wote wangekuwa rahisi hivyo.

Sasa uzito, ambako mashabiki wana haki.

Emira ilizinduliwa Julai 2021 hapo Hethel, ikatangazwa kuwa Lotus ya mwisho ya petroli. Ilikuja na injini mbili: V6 ya Toyota ya lita 3.5 yenye supachaja, yaani pampu ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, na ya silinda nne kutoka AMG, tawi la Mercedes. Sura ilisifiwa hata na wabishi. Kisha ikatajwa kilo 1,405, na hiyo ni kwa toleo jepesi kuliko yote. Kampuni ambayo mwanzilishi wake, Colin Chapman, aliijengea jina kwa kupunguza kila gramu ilikuwa inauza gari la viti viwili lenye uzito unaokaribia Elise mbili za mwanzo.

Kabla ya kulaani, tuulize kilo hizo zimepimwaje. Watengenezaji hucheza hapa, na mashabiki wengi hulinganisha tarakimu zisizolingana. Kuna uzito mkavu, gari bila vimiminika, tarakimu nzuri kwa kijitabu cha mauzo lakini gari hilo haliwezi hata kuwaka. Kuna uzito wa kanuni ya Ujerumani, DIN, tanki likiwa karibu limejaa lakini hakuna dereva. Kuna uzito wa Umoja wa Ulaya, wenye mafuta na kilo 75 za dereva na mzigo wake. Lita 40 za petroli peke yake ni kama kilo 30. Kwa hiyo gari moja, siku moja, mzani mmoja, linaweza kutangazwa kwa tofauti ya kilo 100 na ushei bila mtu yeyote kusema uongo.

Hata ukishasawazisha hayo, Emira ni nzito. Na sababu zinaonekana kwa macho. Lotus walimtaka mtu ambaye vinginevyo angenunua Porsche Cayman, mtu asiyetaka kupanda kizingiti kwa makalio. Kizingiti kikishushwa, ugumu wa chasisi lazima urudishwe mahali pengine, na mahali pengine pana kilo. Ongeza mlango mpana, mifuko ya hewa, skrini mbili, viti vya kusogezwa kwa umeme, mahali pa kuweka kikombe. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni upuuzi. Vikijumlishwa ndio mnapata gari ambalo Chapman angelizunguka mara mbili akitafuta cha kukata.

Wanaotetea husema sheria za usalama za leo haziruhusu gari jepesi. Nawajibu kwa Alpine A110 ya mwaka 2017, kutoka Dieppe, Ufaransa. Kilo 1,100 hivi, ina kiyoyozi, ina mifuko ya hewa. Walifikaje? Kiti kimoja kilipunguzwa hadi kilo 13.1. Breki ya kuegesha iliunganishwa ndani ya kaliper, kile kifaa kinachobana diski ya breki, ya kawaida ya nyuma badala ya kuwekewa ya kwake, wakaokoa kilo 2.5. Yaani walipigana kwa gramu, kipande kwa kipande. Ni kweli Alpine ina Renault nyuma yake, na si kila kiwanda kidogo kina tajiri wa kumlipa msambazaji abuni kaliper mpya. Lakini inaonyesha kwamba shabiki anayelalamikia kilo hadai muujiza. Nguvu za ziada hukusaidia kwenye barabara iliyonyooka tu, na uzito unaulipia kwenye breki, kwenye tairi na kwenye kila kona.

Nifike kwenye jambo la tatu, lile lisiloulizwa.

Maonyesho ya Paris, 2010. Lotus, chini ya Dany Bahar aliyetoka Ferrari, walifunua magari mapya matano kwa mpigo. Matano! Kampuni ambayo kwa kawaida huhangaika miaka kulipata moja. Mashabiki waligombana kuhusu taa za mbele, kuhusu jina la Esprit kurudi, kuhusu sedani ya milango minne. Wachache sana waliuliza fedha zinatoka wapi. Mwaka 2012 Proton, mmiliki wa Lotus, iliuzwa kwa DRB-Hicom, kampuni ya Malaysia, Bahar akaondolewa, na katika yale matano hakuna hata moja lililoingia kiwandani.

Na TVR. Kiwanda cha Blackpool kilifungwa 2006. Mwaka 2013 mfanyabiashara Les Edgar na wenzake wakalinunua jina, na Septemba 2017, kwenye tamasha la Goodwood Revival, wakaizindua Griffith mpya. Kwenye karatasi ilikuwa kila kitu shabiki alichokiomba kwa miaka 10: V8 ya Ford ya lita 5 iliyonolewa na mafundi wa injini wa Cosworth, farasi kama 500, gia za mkono, uzito wa kilo 1,250, ujenzi uliobuniwa na mbunifu wa magari Gordon Murray, bei ya karibu pauni 90,000. Watu walikuwa wameshatoa amana kabla hata ya kuiona. Serikali ya Wales ikaingiza fedha za umma kwa matumaini ya kiwanda pale Ebbw Vale. Uzalishaji haukuanza.

Hapa ndipo ninapowalaumu mashabiki, kwa upendo. Gari lililokuwa na kila walichotaka halikuulizwa swali hata moja gumu. Emira, ambayo ilikuwa na kiwanda kilichojengwa, injini zilizopo na mmiliki mwenye mfuko, Geely wa China tangu 2017, ilihojiwa mpaka aina ya uzi ulioshona kiti. Tungegeuza. Gari linalotupendeza sana ndilo la kuulizwa: mashine za kuliunda ziko wapi, nani amelipia majaribio ya kugonga ukutani, amana yangu inatunzwa kwenye akaunti ipi, na likichelewa miaka miwili narudishiwa kwa masharti gani?

Hata Emira haikutoka salama kwenye ahadi. Lotus walitangaza bei ya kuanzia chini ya pauni 60,000, na toleo la silinda nne lilipofika kwa wateja bei ilikuwa imeshapaa. Waliosubiri walikuwa na haki ya kukasirika, na hasira hiyo ina uzito kuliko ile ya Eletre, gari kubwa la umeme la tani mbili na nusu linalotengenezwa Wuhan. Eletre ilitukanwa sana mwaka 2022. Lakini hakuna aliyelipia Elise akaletewa Eletre.

Nina dakika moja. Kaka pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja Cayman.

[Swali kutoka ukumbini: wewe mwenyewe ungeinunua Emira?]

Ningeinunua iliyotumika, V6, gia za mkono, ya mwaka wa pili au wa tatu wa uzalishaji, baada ya wanunuzi wa kwanza kuwagundulia kiwanda makosa. Na kabla ya kulipa ningempigia simu fundi huru anayeyahudumia magari haya, nisimuulize kama ni tamu. Ningemuuliza taa ya mbele ikivunjika leo, nyingine inafika baada ya wiki ngapi. Akisita kujibu, naendelea kutafuta Elise ya Toyota.