Asilimia 60 ya watoto gani? Mhadhara kuhusu kusoma ripoti za huduma za mapema

Asanteni, kaeni tu. Naona wengi mmekuja na zile ripoti mkononi, za huduma za mapema, yaani huduma kwa watoto wa chini ya miaka mitatu wenye ulemavu au wanaochelewa kukua, vizuri sana, ila naomba mzifunge kwanza maana mkiziacha wazi mtaanza kuangalia rangi za chati na mimi nataka twende kwenye namba. Kwa nini miaka mitatu ya kwanza ni muhimu sitarudia, mnashinda na hawa watoto kila siku, mnajua.

Nilichokuja nacho ni kile kile ninachokisema kila mahali nikipewa kipaza sauti, na nitaendelea kukisema mpaka kieleweke. Kila asilimia kwenye ripoti ina watoto chini yake, kabla hujashangilia au kuvunjika moyo uliza ni watoto gani hao, na nani hayumo. Basi. Mengine yote leo ni mifano ya hilo moja.

Mifano nitaichukua zaidi Marekani. Sio kwamba wao ndo wanajua kuliko wote, hapana, ni kwa sababu sheria yao ya elimu kwa watu wenye ulemavu, IDEA, kwenye ile Sehemu C inayohusu watoto toka kuzaliwa mpaka wanapotimiza miaka mitatu, inalazimisha kila jimbo litoe ripoti kila mwaka kwa viashiria vinavyofanana na ziwekwe hadharani, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuzifungua akasoma. Mpango wenyewe ulianzishwa na sheria ya mwaka 1986, kwa hiyo wamekuwa na muda wa kukosea na kurekebisha.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana hapa ndo penye kiini. Mtoto akiingia anapimwa, akitoka anapimwa tena, kwenye maeneo matatu: hisia zake na mahusiano na watu, kujifunza na kutumia anachojifunza ikiwemo lugha, na jinsi anavyojitimizia mahitaji yake yeye mwenyewe. Majimbo mengi wanatumia mizani ya 1 mpaka 7, ukiwa 6 au 7 maana yake uko kwenye kiwango cha umri wako. Wakilinganisha kuingia na kutoka wanampanga mtoto kwenye kundi moja kati ya matano. Kundi a, hakupiga hatua. Kundi b, amepiga hatua lakini hajawasogelea wenzake wa umri wake. Kundi c, amewasogelea ila hajawafikia. Kundi d, aliingia akiwa nyuma akawafikia. Kundi e, aliingia akiwa sawa nao na ametoka akiwa sawa nao.

Kutoka hapo wanatoa asilimia mbili tu, na hizo mbili ndo zinazowekwa kwenye ukurasa wa mbele. Ya kwanza inasema, kati ya walioingia wakiwa nyuma ni wangapi kasi yao ya ukuaji iliongezeka, yaani unachukua c na d unagawa kwa a, b, c na d. Ya pili inasema, kati ya watoto wote ni wangapi wametoka wakiwa kwenye kiwango cha umri, yaani d na e unagawa kwa wote watano. Mmeona tofauti? Namba ya chini sio moja. Kundi e halimo kabisa kwenye hesabu ya kwanza, kwenye ya pili limo juu na chini.

Tufanye hesabu, chukueni kalamu. Tuseme programu ina watoto 100: a wawili, b 30, c 24, d 24, e 20. Asilimia ya kwanza ni 48 kwa 80, ni 60. Ya pili ni 44 kwa 100, ni 44. Sawa? Mwaka unaofuata programu inalegeza vigezo vya kuingia, inapokea watoto 40 zaidi ambao walikuwa na hali ya kutia wasiwasi kidogo tu, wameingia wakiwa sawa na umri na wametoka hivo hivo. Wale 100 wengine weka matokeo yale yale, usiguse hata mmoja. Sasa e ni 60, jumla 140, asilimia ya pili ni 84 kwa 140 ambayo ni 60. Kutoka 44 mpaka 60! Na hakuna hata mtoto mmoja kati ya wale wa mwanzo aliyepata msaada zaidi ya mwaka uliopita. Asilimia ya kwanza je? Imebaki 60 vile vile, haijatikisika.

Nimekaa kwenye kikao, programu siitaji, ambapo namba ya namna hii ilipanda na watu wakapiga makofi, na mkuu wa programu akaanza kueleza mafunzo mapya waliyowapa wahudumu yalivyozaa matunda. Nikauliza swali moja tu, vigezo vya kuingia vilibadilika mwaka huu? Ukumbi ukanyamaza. Alafu mama mmoja mwakilishi wa wazazi, ndo aliyejibu, akasema ndiyo, vilibadilika, tuliletewa barua. Yule mama alikuwa na jibu muda wote, hakuna aliyemuuliza! Mafunzo ya wahudumu yanaweza kuwa yalisaidia kweli, siwezi kukataa, ila ile asilimia haikuwa ushahidi wa hilo na watu walikuwa wanakwenda kupanga bajeti juu yake.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, kwani hao watoto wa kundi e hawakusaidiwa? Wamesaidiwa, inawezekana kabisa, mtoto aliye kwenye hatari ya kurudi nyuma akabaki sawa na wenzake hayo ni mafanikio na mimi naunga mkono kuwapokea mapema. Ninachodai ni ripoti iseme. Iandike sentensi moja, mwaka huu tumepanua vigezo, msilinganishe na mwaka jana. Sentensi moja!

Na kwa upande wa pili, jamani, hili linaniuma. Ile asilimia ya pili inamuumiza anayepokea watoto wenye hali nzito. Programu inayopokea watoto wengi wenye mtindio wa ubongo au Down syndrome itakuwa na b wengi na c wengi, na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kukaa sakafuni na mtoto ataangalia ukurasa wa mbele aseme hawa hawafanyi kazi. Hebu rudini kwenye maana ya b. Amepiga hatua. Mtoto aliyekuwa hawezi kukaa sasa anakaa, anashika kijiko, anageuka akiitwa jina, lakini wenzake nao hawakusimama kumsubiri, wameshaanza kukimbia, kwa hiyo umbali kati yao haujapungua na anahesabiwa b. Nimekutana na wazazi walioonyeshwa kwamba mtoto wao yuko b wakaelewa kwamba mtoto ameshindwa, au wao wameshindwa. Ukimpa mzazi karatasi ya namna hiyo bila kumweleza, unamwongezea mzigo usio wake. Kwa hiyo msikubali ripoti inayotoa zile asilimia mbili bila kuonyesha idadi ya watoto kwenye makundi yote matano. Ni safu tano tu kwenye jedwali, haihitaji mtaalamu wa takwimu, haihitaji programu mpya ya kompyuta.

Sasa nani hayumo. Kwenye hesabu hizo wanaingia watoto waliopata huduma kwa angalau miezi sita tu. Ina mantiki, huwezi kupima mabadiliko kwa mtoto aliyekuja wiki tatu. Lakini jiulizeni nani huondoka kabla ya miezi sita. Familia zilizohama, zilizokosa nauli au mtu wa kubaki na watoto wengine, waliochukizwa na huduma, na pia watoto walioletwa wakiwa wamechelewa sana, wakatimiza miaka mitatu kabla ya miezi sita kufika. Hao wote wametoweka kwenye asilimia, sio kwa njama ya mtu, ni kanuni ya hesabu. Wapo pia wanaotoka bila kupimwa mara ya mwisho kwa sababu hawakupatikana. Programu inayopoteza familia ngumu mapema inaweza kuonekana nzuri kuliko inayozing'ang'ania. Kwa hiyo swali langu la kudumu: walioondoka mwaka huu ni wangapi kwa jumla, na kati yao wangapi wana vipimo viwili? Kama walitoka 300 na ripoti inaongelea 140, hao 160 nataka kujua wako wapi kabla hatujaongea chochote kuhusu matokeo.

Siku 45. Hii mnaipenda, maana lengo lake ni asilimia 100 na kila mtu anaiogopa. Toka rufaa ipokelewe, yaani mtoto aelekezwe kwenye programu, mpaka afanyiwe tathmini na kikao cha kwanza cha kupanga huduma za mtoto na familia yake kifanyike, isizidi siku 45. Ukiona ripoti imeandika asilimia 95 utadhani watoto 95 kwa kila 100 walihudumiwa ndani ya siku 45. Sio lazima! Jimbo linaruhusiwa kumhesabu mtoto kuwa ametimiziwa hata kama alichelewa, mradi ucheleweshaji ulitokana na sababu za kipekee za kifamilia na zimeandikwa kwenye faili. Kwa hiyo inawezekana 70 waliwahi, 25 walichelewa kwa sababu iliyoandikwa ni ya familia, watano ndo programu ilikosea, na ukurasa wa mbele unasema 95.

Mtasema ni haki, kama mtoto alilazwa au mama aliomba kusogeza tarehe programu ina kosa gani? Haina, nakubali. Lakini ile namba ya 25 nataka niione peke yake, kwa sababu nikikuta robo ya familia "zimechelewa zenyewe" nauliza mliwapa miadi saa ngapi. Kama miadi yote ni asubuhi siku za kazi, na mama akikosa siku moja ya kazi anakatwa mshahara, hiyo sio sababu ya familia hata kama faili linasema hivyo, hiyo ni ratiba yenu. Na kitu kingine, kiashiria hiki ni ndiyo au hapana tu, aliyechelewa siku moja na aliyechelewa miezi miwili ni sawa kwenye hesabu, wakati kwa mtoto wa miezi minane kusubiri miezi miwili ni robo ya maisha yake yote. Ombeni orodha ya siku, ipo kwenye mfumo, ni wao tu hawaichapishi.

Naambiwa zimebaki dakika chache, basi nitakimbia.

Idadi ya watoto. Ile idadi rasmi ya wanaohudumiwa inahesabiwa siku moja, tarehe ambayo jimbo linachagua kati ya Oktoba 1 na Desemba 1. Ni kama kuhesabu abiria wa basi kwa picha moja iliyopigwa kituo kimoja. Mtoto aliyeingia Januari akatoka Agosti hayumo. Kwa hiyo mtu akikwambia programu ina watoto 400 muulize ni kwa siku ile au kwa mwaka mzima, maana mzigo wa wahudumu unafuata mwaka mzima. Nimeona watu wakigombana kikao kizima, kila mmoja ana namba sahihi, za vitu viwili tofauti.

Vikundi vidogo. Watoto watano kati ya sita ni asilimia 83, wanne kati ya sita ni 67. Huyo ni mtoto mmoja tu! Usimfukuze mhudumu kwa mtoto mmoja. Kikundi kikiwa kidogo andika idadi, achana na asilimia kabisa, au unganisha miaka miwili mitatu.

Dodoso la familia, lile linalouliza kama huduma imewasaidia kujua haki zao, kueleza mahitaji ya mtoto na kumsaidia akue. Asilimia inayoridhika mara nyingi iko juu, ila angalieni kwanza waliorudisha dodoso ni wangapi na ni kina nani, wa lugha gani, wa eneo gani. Waliokwisha kata tamaa hawajazi fomu. Hapa nilikuwa na mengi, acha yapite.

La mwisho kabisa ni njiti. Mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, ukimpima akiwa na miezi kumi, mlinganishe na wa miezi minane, na utaratibu wa kawaida ni kuendelea hivyo mpaka afikishe miaka miwili. Sasa kama kituo kimoja kinapunguza hiyo miezi na kingine hakipunguzi, alafu ripoti inawaweka kwenye jedwali moja, kituo cha pili kitaonekana kinapokea watoto walio nyuma sana, na baadaye kitaonekana kinafanya maajabu kwa sababu watoto wenyewe wanazidi kuwafikia wenzao kadri wanavyokua. Kabla ya kulinganisha vituo, pigeni simu muulize mnahesabu umri vipi. Dakika tano inatosha.

Haya, sasa zifungueni ripoti zenu, ukurasa wenye jedwali la matokeo, tuanze maswali. Dada wa nyuma pale umenyoosha mkono toka niko kwenye siku 45, anza wewe.