Boti ni ya nani? Maongezi na akina mama na wavuvi, Dunga, Kisumu

Hamjambo mama zangu, hamjambo wazee, mzee wetu, jaduong' chairman wa BMU, hii kamati ya kusimamia beach, asante kwa kutupea hii kivuli maana jua ya Kisumu haina adabu. Nimeambiwa niongee juu ya afya ya akina mama, na nimeona wengine hapo nyuma mshaanza kuangalia chini mkijua nitatoa kondomu nianze kuivalisha ndizi (kicheko). Leo sikubeba ndizi. Leo nina swali moja na nitalirudia mpaka mnichoke: boti ni ya nani?

Mimi ni nesi, lakini kabla ya unesi nilikuwa mtoto wa mama wa omena, mama wa kuuza hizi dagaa za ziwa. Tulikuwa tunaamka saa tisa usiku, yeye na beseni yake mimi na gunia, tunaketi kwa mchanga tukingoja taa za maboti zirudi. Wenye mmengoja kwa hiyo mchanga mnajua. Taa zikikaribia wanawake wanasimama wote mara moja, na hapo ndio unajua nani ako na mtu wake kwa boti na nani hana. Mwenye ako na mtu anaitwa kwa jina, beseni yake inajazwa kwanza. Mwenye hana anangoja mabaki, na siku samaki ni kidogo hakuna mabaki, anarudi nyumbani na pesa yake imefungwa vile vile kwa kona ya leso, pesa iko na watoto watalala njaa, hebu fikiria hiyo.

Hiyo ndio jaboya. Na hapa wageni wakija na kamera zao huwa wanakosea, wanadhani mama anapewa samaki ya bure. Wapi! Mama kawaida analipa samaki kwa bei, shilingi kwa shilingi, halafu juu ya hiyo bei analala na mvuvi ndio akubaliwe kuuziwa. Mwili sio bei ya samaki, mwili ni bei ya kuwekwa mbele kwa laini. Sasa ukikuja kumwambia huyo mama "jikinge", saa kumi na moja asubuhi, maboti mawili tu yamerudi na wanawake ishirini wanangoja, unamwambia ajikinge na nini? Atabishana na nani? Akikataa huyu kuna mwingine nyuma yake mwenye hatakataa, na mvuvi anajua, na yeye anajua kwamba mvuvi anajua.

Watu husema ni tabia. Ati wanawake wa beach wamezoea. Mimi hiyo neno hunichoma kabisa. Angalia ziwa lenyewe. Mbuta, ile sangara kubwa, sio samaki ya hapa, ililetwa ziwani miaka ya 1950 na 60, ikakaa kimya kwa muda, halafu miaka ya 80 ikajaa kila mahali ikamaliza fulu, zile samaki ndogo za ziwa, wazee hapa mnakumbuka fulu. Viwanda vya minofu vikakuja, malori ya barafu yakaanza kupark beach, na mwenye kununua mbuta akawa ni ajenti mwenye lori, mama na beseni yake akasukumwa kando. Kilichorudi kwetu ni nini? Mgongo wazi. Minofu inapanda ndege inaenda Ulaya na kichwa na mifupa inarudi hapa mtaa wa Obunga kukaangwa. Mama akabaki na hiyo na omena. Halafu samaki yenyewe ikaanza kupungua, na omena nayo inafungwa Aprili mpaka Julai, kwa hivyo wanunuzi ni wengi kuliko samaki, na kitu ikikuwa kidogo mwenye anaishika ndio anaamua masharti. Sasa nauliza tena, boti ni ya nani?

(Sauti: ya wanaume!)

Ya wanaume. Na sio wanaume wote, hebu tuseme ukweli, hao vijana wameketi hapo kwa ukuta wengi hawana boti, wanafanya kazi ya mtu, wanagawana kinachobaki mafuta ikishatolewa. Mvuvi leo ako Dunga, mwezi ujao ako Usenge, baadaye anavuka kisiwa cha Mageta, na dawa zake za HIV, hizi ARV, ziko kliniki ya kwanza huko alikoanzia. Hapo katikati anaruka wiki tatu, nne. Kwa hivyo sikuji hapa kugombana na vijana, hata nyinyi mnaumia. Tohara mlikubali, tangu 2008 mkajitokeza kwa maelfu na mlifanya vizuri, inapunguza hatari ya mwanaume kupata virusi kutoka kwa mwanamke kwa karibu asilimia 60. Lakini hiyo kinga ni yako wewe. Kama virusi tayari uko nazo, tohara yako haimkingi mama mwenye beseni.

Nambari nitasema mara moja tu juu nambari hulaza watu. Ule utafiti wa serikali wa 2018, KENPHIA, ulipata Kenya nzima ni asilimia 4.9 ya watu wazima wanaishi na HIV. Homa Bay 19.6. Kisumu hapa 17.5. Siaya 15.3. Sindio hizi zote ni kaunti za ziwa? Na kwa nchi nzima wanawake walikuwa 6.6, wanaume 3.1, mara mbili. Sasa mtu aniambie mwanamke Mkenya ana tabia mbaya mara mbili kuliko mwanaume Mkenya, nitamcheka mbele ya watoto wake.

Kuna wanawake kule Nduru, Nyakach, kuanzia kama 2011 walisaidiwa kupata maboti yao wenyewe. Wakafanya kitu rahisi sana: wakaajiri wanaume wakavue. Ni hivyo tu. Boti ikirudi asubuhi mwenye boti ni mama, samaki ni yake, anauzia wenzake, na yule kijana analipwa hapo hapo kwa mchanga. Jaboya kwa hao wanawake ikakosa mahali pa kukaa. Hakuna mtu aliwafundisha maadili, walipewa mbao na misumari. Lakini sitawadanganya ati hadithi iliisha vizuri, boti ya mbao inaoza, inaanza kuvuja baada ya miaka michache na kuitengeneza ni pesa, halafu 2020 ziwa likapanda likaingia mpaka kwa nyumba, watu wakahama. Kwa hivyo chama ikinunua boti, kila wiki mtoe kando ya ukarabati, hata kabla ya kugawana. Hiyo nimeisema kama mtoto wa mama wa omena, sio kama nesi.

Kama nesi sasa. Mnajua saratani ya mlango wa kizazi? Inaletwa na kirusi kinaitwa HPV, kinapitia ngono, na mwanamke mwenye anaishi na HIV ako na hatari mara sita zaidi ya kuipata. Mara sita. Kwa hivyo hapa kwetu hizi ni shida mbili zinatembea zikishikana mkono. Kupimwa ni siki. Ndio, siki, hiyo asidi ya siki inapakwa kwa mlango wa kizazi, tunangoja kama dakika moja, mahali kuna shida panageuka peupe, na mara nyingi inaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kabla ya kuwa saratani. Inaweza kuwasha kidogo, halafu ni baridi tu na aibu kidogo. Mama yangu mzazi alikuwa na damu haiishi akaenda kituo fulani akaambiwa ni mambo ya umri, akapewa panadol, akarudi mara tatu akapewa panadol mara tatu, mpaka mimi ndio nikamvuta nikampeleka nikiwa bado mwanafunzi. Sitaki kuendelea na hiyo.

Wasichana chanjo iko tangu Oktoba 2019, inaanza na wenye miaka kumi, ni ya bure. Ile maneno ya WhatsApp ati inafunga kizazi, muulize mwenye alikutumia kama ameona kizazi (kicheko).

Na msichana wa shule mwenye anatumwa beach kuchukua samaki, hapo sasa siongei juu ya jaboya. Hiyo ni unajisi, sheria ya makosa ya ngono ya 2006 haina "walikubaliana" kwa mtoto. Miaka 16 mpaka 18 ni kifungo kisichopungua miaka 15. Chini ya hapo inazidi. Mbuzi mliyopelekewa nyumbani haifuti hiyo, na mzee wa kijiji hana hiyo nguvu. Mtu akifanyiwa hivyo asioge, asifue nguo, apelekwe Russia, ile hospitali ya Jaramogi, kabla masaa 72 kuisha juu dawa ya kuzuia virusi baada ya hapo haisaidii. Masaa 72 yanahesabiwa kutoka saa ya kitendo, sio kutoka saa familia imemaliza kikao.

Maswali. Mzee hapo mbele.

(Mzee: mimi nauliza, kutoka zamani mwanamke akigusa boti ama nyavu, hasa akiwa kwa siku zake, samaki hutoroka. Sasa mkinunua maboti si mtamaliza ziwa?)

Asante jaduong', hata nyanya yangu alisema hivyo. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Fulu walitoroka, ngege, hizi tilapia, wamepungua, mbuta mnashika ndogo ndogo hata sheria haikubali, na hii miaka yote wanawake walikuwa wameketi kwa mchanga. Nani alikuwa amegusa nyavu?

(Kicheko kirefu. Mzee anacheka pia, anasema hilo atalifikiria.)

Fikiria, na ukimaliza uniitie chairman, juu kamati ya hii beach nimeangalia hiyo karatasi kwa ukuta na majina ni ya wanaume yote isipokuwa ya mweka hazina. Katiba kifungu cha 27 inasema nafasi za kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Najua, najua, hata bunge imeshindwa, Maraga akiwa Jaji Mkuu 2020 alimshauri rais aivunje kwa hiyo sababu na haikuvunjwa. Lakini hapa si bunge, hapa ni karatasi moja kwa ukuta, mnaweza kuibandua leo.

Haya, chai imefika naona. Wenye wanataka kupimwa na siki hema ni ile ya kijani karibu na mti, beba kitambulisho, na wenye wako kwa siku zao wachukue namba warudi wiki ijayo. Wanaume mnapimwa HIV na presha kwa ile meza ingine. Mama mwenye leso nyekundu, wewe ndio wa kwanza, kuja.