Bibi na Aini Namba Saba

NEEMA: Haya haya tumerudi, mnatujua, Neema hapa na huyu ni Mangi, leo kavaa kofia ya gofu humu ndani sijui jua linamfuata. Jamani leo ni kuchagua fimbo za gofu kwa sisi ambao tunacheza kwa raha zetu tu. Nimeandika mambo sita kwenye simu, tunaenda moja moja, hatutoki nje ya mada. Si ndiyo Mangi?

MANGI: Aisee subiri kwanza dada, nina msiba.

NEEMA: Tumeanza.

MANGI: Msiba wa fimbo. Jumamosi nilipanda Machame kwenye kikao cha ukoo, nikasema kesho yake nikishuka napitia Moshi Club napiga mashimo tisa halafu ndo narudi Arusha, kwa hiyo nimelala kwa bibi na begi nikaliacha barazani. Asubuhi nasikia kelele migombani, natoka na kandambili, namkuta bibi yangu na aini namba saba, ile fimbo yangu ya chuma ya kati, anafukuza tumbili kwenye maparachichi.

NEEMA: Hapana! Alimpata?

MANGI: Hakumpata ila alimkosa kidogo sana. Sasa sikiliza, namwambia bibi shikamoo, hiyo ni fimbo ya gofu. Ananiambia marahaba, najua, zote nimezijaribu. ZOTE Neema. Katoa moja moja, anaipunga pale uani, anairudisha. Draiva, ile ya kupigia mbali, kaikataa, kasema kichwa kikubwa halafu hakina uzito, hakina kazi. Ile weji ya mchangani, ya kutolea mpira kwenye mchanga, kasema nzito inamvuta bega. Pata, ya kusukumia mpira shimoni, akaicheka kabisa. Saba akasema hii ndo imekaa.

NEEMA: Bibi kajifanyia fiting, kajipimia fimbo mwenyewe!

MANGI: Bure!

NEEMA: Ebu ngoja, unacheka lakini ndo mwalimu yeyote anavyofanya na mtu mpya, anakupa saba kwanza. Ipo katikati, sio ndefu sana na uso wake umelala kiasi kwamba mpira unapanda wenyewe bila wewe kuulazimisha. Draiva ndo ya mwisho kukamata maana ndo ndefu kuliko zote, ukikosea kidogo kule mpira unaenda kwa jirani. Na sisi wote tunaanza na draiva, kwa nini, kwa sababu inalia vizuri.

MANGI: Na anavyoishika sasa. Mimi nalipa mwalimu ananiambia kila siku legeza mikono, unaikaba fimbo. Bibi ana zaidi ya miaka themanini ameishika laini hivi, mabega yamezunguka yote, fimbo imeishia nyuma ya shingo. Sijawahi kufika hapo mimi.

NEEMA: Shida ni kwamba mpira wake una mkia.

MANGI: Na hautulii kwenye tii, kale kajiti ka kuwekea mpira! Sasa naomba fimbo nishuke, kasema we nenda, wewe unazo nyingi.

NEEMA: Uwiii. Na ukaiacha?

MANGI: Neema, wewe ungemnyang'anya bibi fimbo mbele ya wajomba? Kashaiweka na panga lake nyuma ya mlango. Mpaka leo ipo Machame.

NEEMA: Naomba wasikilizaji mjue kwamba huyu jamaa ana seti ya fimbo kumi na nne kamili, mwisho wa sheria, na bibi kamwambia unazo nyingi. Mimi na bibi tuko pamoja. Hii ndo ilikuwa nukta yangu ya kwanza kwenye simu.

MANGI: Najua unapoelekea.

NEEMA: Kumi na nne ni ukomo, haijaandikwa lazima! Huo ukomo wenyewe umekuja 1938 kule Marekani, Uingereza mwaka uliofuata, kabla ya hapo watu walikuwa wanabeba mizigo, bingwa mmoja Lawson Little alikuwa anatembea na zaidi ya ishirini. Na ukizidisha unaongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nazo, mwisho minne. Lakini ukipunguza hakuna anayekugusa. Mmarekani mmoja, Chick Evans, kachukua US Open, ubingwa wa wazi wa Marekani, 1916 na fimbo saba. Saba Mangi! Tena ridhaa kama sisi, hakuwa profesheno.

MANGI: Kama sisi? Chick Evans alikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, tangu mtoto, wewe juzi umepiga nyasi mpira ukabaki unakuangalia.

NEEMA: Hiyo juzi kulikuwa na upepo.

MANGI: Upepo unazuia nyasi?

NEEMA: Turudi kwenye mada. Mtu anayeanza mimi namwambia hivi, haibridi moja, ile nusu aini nusu wudi, aini saba, aini tisa, weji ya mchangani na pata, ukitaka ongeza wudi, ile ya kichwa kinene, ya kuanzia. Basi. Unaenda nazo klabuni Gymkhana begani mwenyewe, unazijua kila moja kwa jina. Mimi zangu nimeokoteza, moja ya huyu aliyekuwa anahama, mbili za mtumba, hazifanani hata rangi.

MANGI: Hapo kwenye kuokoteza niwaambie watu kitu, maana hii inauma wengi. Seti nyingi tunazouziwa huku ni za wanaume waliokuwa wanapiga kwa nguvu, ukiangalia kwenye ule mpini mrefu wa fimbo utakuta imeandikwa S. Hiyo ni ngumu. Kama mkono wako ni wa taratibu fimbo ngumu haikusaidii, mpira unaenda chini chini na mara nyingi unakimbilia kulia, unadhani hujui kucheza kumbe umebeba fimbo ya mtu mwingine. Tafuta R, au A kama umri umesogea. Na aini angalia mgongo, kama umechimbwa katikati na uzito uko pembeni hiyo inakusamehe ukigusa vibaya, kama ni bapa nyembamba inang'aa kama kisu cha bucha mwachie anayejua.

NEEMA: Na raba ya mshikio, ikiwa ngumu inateleza usilipe bei ya seti nzima, kubadilisha raba nako ni hela.

MANGI: Kweli. Ila bibi raba hakulalamika.

NEEMA: Bibi anatemea mate mkononi kwanza! Haya niambie, Moshi Club ulichezaje bila saba?

MANGI: ...Kwa nini unauliza.

NEEMA: Jibu tu baba.

MANGI: Kedi aliniambia chukua sita, shusha mikono kidogo kwenye mshikio, piga nusu. Nikawa napiga hivyo.

NEEMA: Na kadi ya matokeo?

MANGI: Kadi ilikuwa kama kawaida yangu.

NEEMA: Kama kawaida yako! Yaani fimbo unayoipenda kuliko zote haikuwepo na hakuna kilichobadilika! Mimi sina la kuongeza, mwenye masikio amesikia.

MANGI: Hapana, hapana, hujanielewa na hutaki kunielewa. Matokeo yalikuwa yale yale ila raha haikuwepo. Mimi nikifika kwenye mpira ile kusimama, naangalia bendera, naangalia upepo, najiuliza ni saba au nane, ndo gofu yenyewe hiyo kwangu. Kati ya aini na aini mpira unatofautiana kama mita kumi hivi, na hizo kumi zinahama. Arusha tupo kama mita 1,400 juu, hewa nyepesi mpira unaenda, Moshi mjini haifiki hata 1,000, saba yangu ya hapa kule inapungua. Sasa wewe una saba na tisa tu, katikati hapo unafanyaje?

NEEMA: Napiga saba taratibu.

MANGI: Huwezi kupiga taratibu!

NEEMA: Na wewe huwezi kupiga mita kumi kamili! Ukipiga saba kumi mfululizo hazitofautiani hata ishirini ishirini? Sasa nane unaitaka ya nini? Unachagua fimbo dakika nzima halafu unapiga juu ya mpira, watu wanne nyuma yenu wamekaa wanasubiri. Mpira ukipotea sheria inakupa dakika tatu tu za kutafuta tangu 2019, wewe kuchagua tu ushazimaliza.

MANGI: Kwa hiyo nicheze haraka niende wapi? Nimetoka kazini, nimekuja kukaa kwenye nyasi.

NEEMA: Na mimi nimekuja kutembea. Sitaki kufikiria, nimefikiria wiki nzima ofisini. Begi jepesi, fimbo tano sita, unafika unapiga unaondoka.

MANGI: Hiyo nenda tu jogingi.

NEEMA: Na wewe nenda tu kacheze bao.

MANGI: Sikubaliani.

NEEMA: Sijakuomba ukubali.

MANGI: Sawa.

NEEMA: Sawa.

MANGI: ...

NEEMA: Mnasikia ukimya huo? Hasira za seti kamili.

MANGI: Sina hasira, nafikiria bibi akiletewa haibridi mbona tumbili watahamia Hai mjini.

NEEMA: Mpelekee! Ukampe haibridi akurudishie saba, muulize ipi imekaa.

MANGI: Ataweka zote mbili. Namjua. Mjomba kashanipigia eti bibi anauliza ile yenye kichwa kizito bado ninayo, kuna mti wa parachichi anataka kuangulia.

NEEMA: Weji! Kabadilisha mawazo kwenye weji! Unaona, mtu anajenga seti yake pole pole, anaongeza akiona kazi imedai. Bibi anacheza gofu ya akili kuliko wewe.

MANGI: Akimaliza seti ataniacha mimi na fimbo saba, ufurahi.

NEEMA: Chick Evans wa Machame!

MANGI: Dada muda, jamaa wa kwaya wako mlangoni wameshashika kinanda.

NEEMA: Jamani na nilikuwa na mambo sita, tumefika la kwanza. Kulikuwa na urefu wa fimbo, kulikuwa na mipira, tusinunue ya bei mbaya wakati bado tunaipeleka mtoni, kulikuwa na kupima draiva... ah, basi. Kuna mtu alituma meseji anauliza glovu anunue mbili?

MANGI: Moja inatosha. Mkono wa kushoto kama unapiga kulia.

NEEMA: Na kama unapiga kushoto ni kinyume chake. Haya kwaya ingieni, karibuni, hicho kiti kina mguu mbovu.