Msimuulize mama alikula nini

Wauguzi wenzangu, hili nimelisema kliniki, nimelisema vikaoni, na leo nalirudia. Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi mitatu, degedege halimwachi. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akaanza habari za bundi aliyelia juu ya paa wakati wa ujauzito. Mama wa watu akainama. Nyumbani ameshahukumiwa, akifika kwetu swali letu la kwanza likamhukumu tena: ulikunywa dawa gani, ulikula nini?

Picha ya MRI ilionyesha nusu moja ya ubongo imekua kupita kiasi. Kwa nini? Seli ya ubongo haikui ovyo, inangoja vichocheo vya ukuaji. Kichocheo ni mgeni anayepiga hodi. Akipiga, habari hupokezanwa ndani hadi kwenye protini iitwayo mTOR, seli ikakua. Akiondoka, seli hutulia. Kwa mtoto huyu hodi haijapigwa, na mlango uko wazi usiku na mchana. Mwaka 2012 watafiti walichunguza vipande vya ubongo vilivyotolewa kwenye upasuaji wa watoto wa namna hii. Wakakuta kasoro katika jeni za njia hiyo: PIK3CA, AKT3, MTOR. Tena katika baadhi tu ya seli za ubongo. Mara nyingi damu ya mtoto yuleyule ilikuwa safi. Maana yake kasoro iliingia baada ya mimba kutunga, seli moja ilipokuwa inanakili jeni zake. Mama angefanya nini hapo? Niambieni!

Najua kuna atakayesema: mbona tunawahimiza kina mama wameze foliki asidi, ile vitamini ya ujauzito? Himizeni! Hiyo hupunguza sana mgongo wazi. Mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 hivi ya mimba, wengi hawajajua hata kama ni wajawazito, ndiyo maana kidonge huanza kabla ya mimba. Lakini huo ni ugonjwa mwingine. Msiufanye fimbo ya kumchapia mama huyu.

Matibabu nayagusa tu, muda umekwisha. Dawa za kifafa zikishindwa, mpelekeni mapema kwa wapasuaji. Kuutenganisha upande ulioharibika huwasaidia watoto wengi. Kuhusu dawa za kuzuia mTOR, nifuateni nje.

Maswali ya ujauzito yana nafasi yake, yaje baadaye. Kwanza muulizeni: degedege lilianza lini, na mkono upi ulitangulia kukaza?